Huzuni Inatosha?

Saa kumi usiku, Kuze, umeme umekatika tangu isha,
simu yamulika boriti za dari kama kurunzi ya mwizi.
Kule Hefei ni saa tatu asubuhi.
Ni likizo ya mwaka wao mpya, lakini Peiwen hana likizo,
ameniletea insha ileile mara ya saba:
Eleza dhiki uliyoishinda. Maneno mia sita na hamsini.

Ameandika: Nyanya yangu alifariki nikiwa na miaka kumi na miwili.

Nyanya yake namjua.
Alinisubiri langoni pa shule mwezi wa Novemba
na mfuko wa matunda ya rangi ya kutu,
malaini kama embe lililopitiliza,
akanishika kifundo cha mkono, akasema mengi kwa kasi,
nikaambulia neno moja tu: kula.
Ni mzima. Meno yake ya mbele yote yapo.
Hucheza karata kwa pesa, na hushinda.

Lakini wakala wa vyuo amesema
bila maiti insha haina uzito,
Waamerika wapenda msiba wenye funzo mwishoni.
Amesema pia: ongeza harufu.
Basi Peiwen ameongeza maganda ya machungwa,
amemzika bibi wa watu kwa sarufi safi, sina la kukosoa,
na chini kabisa aniuliza:
Mwalimu, huzuni inatosha?

Mimi ni Mwanakheri binti Shee, mwalimu wa kigeni,
kitengo cha kimataifa, orofa ya tano.
Kwenye bango la lango wamembandika Duncan wa Uskoti,
fundi wa mabomba kabla hajawa mwalimu;
mimi niko ukurasa wa nne, nyuma ya mpira wa vikapu.
Mshahara wake na wangu hawajuani.
Mama nilipomwambia alicheka, akakohoa, akacheka tena:
"Wenda kusomesha Wachina Kizungu,
na Kizungu chenyewe si chako wala si chao?
Haya. Mwenyewe yuko kando, nyinyi mwagawana."
Kila Ijumaa alipiga. Salamu hakuna.
"Wala n'ni huko?"

Siku aliyokufa nilikuwa nasimamia mtihani wa majaribio,
watoto thelathini na wawili,
kalamu zikikwaruza kama panya darini.
Simu ilitetemeka mfukoni mara tatu, ikanyamaza.
Kwetu maiti hangoji ndege.
Walimswalia adhuhuri; kule jua lilikuwa likizama,
nami nimeishika fomu ya ruhusa
yenye mstari mmoja tu wa sababu.
Sikuijaza.
Kesho yake nilifundisha nyakati za vitenzi.

Mwaka umepita. Mtandio wake ungali msumarini nyuma ya mlango,
wa zambarau, umechujuka begani,
na harufu yake...
harufu siisemi.

Nikaandika pambizoni, kwa wino mwekundu wa simu:
Peiwen, sahihisha nyakati.
Nyanya yako ni wakati uliopo.
Akajibu kabla sijavuta pumzi:
Nikimfufua, Mwalimu, yanabaki maneno mia na kumi na manne.
Nijaze nini?

Sikuwa na jibu. Niliutazama msumari.
Upande wa pili wa ukuta Bi Barke akaanza kusukuma mahamri,
mti ukigonga kibao, ukigonga,
msikiti wa kwanza ukaadhini,
wa pili ukafuata nyuma kidogo
kama mwanafunzi aliyechelewa na hataki kuonekana.

Nikaandika: Mpigie simu. Usimsalimu.
Muulize amekula nini.
Atakalosema lote, liandike.

Tiki mbili, za kijivu. Hajasoma.
Au amekwenda kupiga.